Atulie Kwanza Mwenye Mbwa

Kuna swali lililonisumbua kwa miaka mingi: je, mtu ambaye moyo wake unachemka ana haki ya kumwamuru mwingine atulie? Nilijaribu kulijibu kwa kuwaangalia watu, nikashindwa, kwa sababu watu wanajua kujifanya. Aliyenipa jibu ni mbwa.

Ilikuwa miaka ya 1990. Kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi mjini Musoma kilifungwa, nikarudi nyumbani na barua mkononi, nikawa mtu wa kushinda uani. Tulikuwa na mbwa aitwaye Bosi, jina nililompa kwa mzaha siku nilizokuwa na mshahara. Alikuwa mpole, watoto wa jirani walimvuta masikio naye akanyamaza. Lakini katika miezi ile nilianza kumfokea. Akibweka usiku, nampiga teke. Akinijia akitikisa mkia, namfukuza. Kidogo kidogo Bosi alibadilika. Alijificha nyuma ya banda la kuku, akawa anashtuka hata jani likianguka. Siku moja akamng'ata binti wa jirani mkononi.

Tuliuosha mkono kwa maji mengi na sabuni, tukamkimbiza hospitali. Huko niliulizwa swali moja tu: mbwa amechanjwa? Nilitazama chini. Fedha ya sigara ilikuwa ikipatikana, lakini ya chanjo sikuitafuta. Mtoto akaanza kuchomwa sindano kwa uzembe wangu, na Bosi akaamriwa afungwe, aangaliwe kwa siku 10.

Majirani walitaka auawe. Mimi pia nilikuwa tayari. Mke wangu ndiye aliyesema, "Baba Wambura, kama ni kuua, tuanze na aliyemfundisha. Mbwa huyu amekuiga wewe."

Siku 10 zilipita Bosi akiwa mzima, maana yake hakuwa na kichaa cha mbwa. Mimi nilikuwa na aibu. Nikamwacha chini ya ulinzi wa mke wangu, nikaenda Butiama kwa baba mdogo, mfugaji wa ng'ombe wachache wa kienyeji.

Alfajiri alinipa kibuyu nikamue. Niliingia zizini kwa haraka, nikamshika ng'ombe kiwele. Hata tone. Ng'ombe alirusha mguu, kibuyu kikaanguka. Baba mdogo hakucheka. Akasema, "Mwanangu, umeingia na vita yako. Vua viatu, simama hapo kwanza."

Yeye mwenyewe alikuwa peku. Alisimama kando ya ng'ombe, si mbele yake, akaweka kiganja ubavuni, akapumua polepole bila kusema neno. Kisha akamwacha ndama anyonye kidogo, ndipo akakamua. Maziwa yalikuja.

Sikuona uchawi pale, na wataalamu wanaeleza sababu. Ng'ombe wetu wa kienyeji aghalabu hawaachii maziwa mpaka ndama aanze kunyonya. Ndama akinyonya, ubongo wa mama hutoa homoni iitwayo oksitosini, ambayo huyasukuma maziwa yashuke. Ng'ombe akiogopa, mwili humwaga adrenalini, na kazi hiyo huzuiwa. Maziwa yamo, lakini hayatoki. Nikajiuliza: ni mambo mangapi mema nyumbani kwangu yalikuwamo, lakini hayakutoka kwa sababu niliingia na vita yangu?

Katika kijiji hicho hicho Mwalimu Nyerere alirudi kulima baada ya kuacha urais mwaka 1985, na huko ndiko alikozikwa Oktoba 1999. Sidai kujua yaliyokuwa moyoni mwake. Najua tu kwamba jembe humlazimisha mtu yeyote, mkubwa au mdogo, aende kwa mwendo wa ardhi.

Siku hizi ziko nchi ambako watu huuza mikeka na mashuka yenye waya wa kuunganishwa na ardhi, hata kwa ajili ya mbwa na paka, kwa madai kwamba udongo una nishati inayoponya. Uchunguzi uliofanywa juu ya madai hayo ni mdogo, nami singekushauri uuze mbuzi ununue mkeka. Lakini jambo moja limepimwa vizuri zaidi. Mwaka 2019 watafiti wa Sweden walipima homoni ya msongo, kotisoli, katika nywele za mbwa 58 na za wenye mbwa hao. Waliona kwamba mwenye mbwa akiwa na kiwango kikubwa kwa muda mrefu, mbwa wake naye aghalabu huwa hivyo. Mke wangu alikuwa amelisema bila kipimo.

Niliporudi Musoma nilianza zoezi ambalo naliendeleza hadi leo. Jioni navua viatu, nakaa juu ya udongo chini ya mwembe. Navuta pumzi, naitoa taratibu zaidi ya nilivyoivuta, kwa maana kutoa pumzi hivyo hupunguza mapigo ya moyo. Nasikiliza nyayo zangu zilipogusa ardhi. Bosi nilimpa ubavu, sikumkazia macho, sikumwita. Juma la kwanza alibaki nyuma ya banda. Juma la tatu alikuja akalala hatua mbili kutoka nilipokaa. Mvua za vuli zilipoanza, aliweka kidevu juu ya mguu wangu, ule ule niliompigia teke.

Hata hivyo, nisikudanganye. Utulivu si badala ya wajibu. Mbwa akibadilika ghafla bila sababu, usikae naye chini mpumue pamoja. Mwite mtaalamu wa mifugo, kwa maana kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili karibu kila mara huua. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, ambao mbwa wa vijijini huupata pia, uliingia Serengeti ukaua karibu theluthi moja ya simba wake. Baadaye mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi, vikiwamo vya Bunda, wakawa wanachanjwa kwa wingi. Fikiri hapo: afya ya koko wa mkulima inamhusu simba mwituni. Kadhalika hasira ya baba inamhusu mbwa, na ya mbwa ikamfika mtoto wa watu.

Basi jibu langu ni hili. Hatuna haki ya kumtaka kiumbe mwingine atulie ilhali sisi ndio upepo unaomtikisa. Na anayetulia kwa kweli hajitulizi tu ajisikie vizuri. Hutulia ili aone anachodaiwa. Nilipotulia, niliona deni la chanjo, nikalilipa kila mwaka mpaka Bosi alipokufa kwa uzee.

Deni jingine limebaki. Binti yule sasa ni mama wa watoto. Hunisalimia kwa heshima, "Shikamoo, baba," lakini husimama nje ya lango mpaka nimhakikishie kwamba uani hamna mbwa. Nami kila mara huvua viatu, nikatoka mwenyewe kumpokea.