Mlinzi Anayeona Kinachosogea Tu

Kwenye kituo chetu cha vijana kuna laptopu moja ya zamani. Mtu aliyekuja kujitolea alituachia alipoondoka, na ndani yake kuna gemu moja tu inayofunguka bila kukwama. Inaitwa Undertale. Aliitengeneza Mmarekani, Toby Fox, sehemu kubwa akiwa peke yake, ikatoka mwaka 2015. Picha zake ni za vidoti vidoti kama za simu za kitochi, ndiyo maana hata laptopu yetu inaiweza. Maandishi yake ni ya Kiingereza. Kwa hiyo kila Jumamosi, betri ya sola ikijaa, mimi nakaa pembeni natafsiri na vijana wanapokezana kucheza.

Nataka kuandika juu ya adui mmoja mdogo wa gemu hiyo. Siyo mfalme wala mkuu wa walinzi. Ni mlinzi wa kawaida, mbwa, anaitwa Doggo. Unakutana naye dakika mbili tu, unapita. Lakini mimi amenikosesha usingizi.

Kwanza hadithi yenyewe. Zamani watu na mazimwi walipigana vita. Watu wakashinda, wakawafungia mazimwi wote chini ya mlima, wakaweka kizuizi cha uchawi ambacho zimwi hawezi kukivuka. Miaka ikapita. Mazimwi wakazaa humo humo, wakajenga miji, wakafungua maduka na baa, huku wakingoja siku ya kutoka. Nilipowatafsiria vijana sehemu hiyo hakuna aliyeuliza swali. Sisi tuko mkoa wa Kigoma. Bila kibali hutoki nje ya kambi, na wengi wa vijana hawa wamezaliwa hapa. Walielewa.

Wewe unayecheza ni mtoto wa binadamu aliyeanguka ndani ya mlima huo. Mfalme wa mazimwi, Asgore, ametoa amri: binadamu yeyote anayeanguka auawe, roho yake ichukuliwe. Roho zikifika saba, kizuizi kitavunjika na wote watakuwa huru. Tayari zipo sita. Kwa hiyo kila mlinzi aliyewekwa njiani anakungoja wewe, na si kwa ubaya tu. Kwake wewe ni kibali cha watu wake kutoka.

Doggo yuko kwenye kibanda chake katika msitu wa theluji. Ana kasoro moja: haoni kitu kilichotulia. Anaona kinachosogea tu. Panga lake ni la bluu, na katika gemu hii shambulio la bluu lina sheria yake. Ukitulia linapita bila kukugusa, ukisogea linakukata.

Kila unapokutana na adui unapewa njia nne: kupigana, kutenda jambo fulani, kutumia kitu ulichobeba, au kumhurumia. Siku ile ya kwanza aliyekuwa anacheza ni kijana wa miaka 14. Alipigana mfululizo mpaka yule mbwa akageuka vumbi, maana mazimwi wakifa wanakuwa vumbi. Nikamwambia taratibu, "Unajua ungeweza kumwachia?" Akanijibu bila kugeuka, "Kaka, mlinzi ni mlinzi tu. Kama yule wa kwenye posho."

Wenzake wakanyamaza, wakaniangalia mimi. Waliniangalia kwa sababu yule mlinzi wa kwenye posho ni kaka yangu mkubwa.

Wasomaji wanaofanya kazi kwenye mashirika huenda hawawajui vizuri sungusungu. Ni wakimbizi wenzetu, wanalinda usiku mitaani na wanapanga foleni siku za mgao. Hawana bunduki. Wana fimbo. Siku ile foleni ilikuwa ndefu, jua kali, watu wameanza kusukumana, na kaka alikuwa ameambiwa kwamba anayetoka kwenye mstari arudishwe. Mama wa yule kijana alidondosha kadi yake. Upepo ukaipeleka hatua chache, akatoka kuifuata. Kaka akamsukuma kwa fimbo. Mama akaanguka vibaya, mkono ukavunjika pale kwenye kifundo. Kwa wiki nyingi hakuweza kusonga ugali, aliyesonga ni huyo kijana.

Jioni nilimuuliza kaka. Alisema, "Niliambiwa mtu asitoke mstarini. Nikaona mtu anasogea." Hakusema nilimwona mama fulani, wala hakusema kadi. Alichoona ni kusogea. Miezi kadhaa baadaye nilipokutana na Doggo kwenye laptopu nilisikia maneno hayo tena.

Sasa swali langu ni hili: mlinzi anayefuata amri, je, ni adui?

Kuna sababu za kusema hapana. Wazee wanasema mjumbe hauawi. Doggo hakutunga amri ya mfalme. Hata yeye mwenyewe amefungiwa nyuma ya kizuizi kile kile. Ukimwachia, baadaye unamkuta baa ya mjini amekaa na mbwa wenzake wa ulinzi, wanacheza karata. Ukimuua, hayupo kwenye ile meza. Basi, ni hivyo tu, lakini inatosha kukuonyesha kwamba mlinzi ana mahali anaporudi baada ya kazi. Kaka yangu naye ana kadi ya mgao kama ya yule mama. Akivua lile koti la ulinzi anapanga mstari kama wengine, na kuna mtu mwingine mwenye fimbo anamwangalia.

Lakini methali ile haitoshi, kwa sababu mjumbe anabeba maneno, mlinzi anabeba fimbo. Na gemu yenyewe inakataa kumpa Doggo kisingizio. Katika msitu ule ule kuna walinzi wengine wawili, ndugu, Sans na Papyrus. Amri ya mfalme ni moja kwa wote. Papyrus anatamani sana kukamata binadamu ili aingizwe kwenye jeshi la mfalme, anakutegea mitego njia nzima, lakini ikifika mwisho hawezi kukuua. Ukishindwa anakufungia kwenye banda lake. Sans naye ana kibanda cha ulinzi, lakini alikuwa ameahidi hatamdhuru binadamu atakayetokea, kwa hiyo anakutania tu na kukuacha upite. Walinzi watatu, amri moja, na kila mmoja ameitekeleza kwa namna yake. Maana yake amri haimalizi kila kitu. Inabaki nafasi, hata kama ni ndogo, na nafasi hiyo ni ya mlinzi mwenyewe.

Nilimwambia kaka hivyo. Amri ilisema arudishwe, haikusema asukumwe. Kati ya neno hilo na lile ulikuwa wewe peke yako. Alikasirika, hatukuongea siku mbili.

Kwa hiyo jibu langu la kwanza ni kwamba mlinzi mdogo si adui, lakini ana deni. Siyo deni la mfalme, ni lake mwenyewe, la ile nafasi ndogo aliyokuwa nayo. Tukimwambia hana hatia kwa sababu ni mdogo, tunamdharau, tunamfanya yeye naye fimbo. Tukimbebesha hatia yote, mfalme anabaki amekaa kwenye kiti chake hana habari.

Jibu hilo niliwapa vijana nikadhani nimemaliza. Yule wa miaka 14 hakuridhika. Nilikuwa nimewaonyesha namna ya kumwachia Doggo. Unatulia panga lipite, halafu unampapasa. Anachanganyikiwa, nani huyo anayemgusa na hakuna kinachosogea, na hapo unaweza kumwacha aende. Au unatumia kijiti. Mtoto wa kwenye gemu anaanza safari na kijiti tu kama silaha. Ukimrushia mbwa, anakikimbilia akirudishe, ugomvi umekwisha. Vijana walicheka sana kwenye kijiti. Yeye hakucheka. Alisema, "Kwa hiyo anayepigwa ndiye atulie, na ndiye afikirie namna ya kumfurahisha anayempiga?"

Sikuwa na la kujibu, na sitaki kujifanya nilikuwa nalo. Nimeendesha semina nyingi za kuishi kwa amani, na nikihesabu vizuri, waliokaa kwenye viti wengi ni waliopigwa. Wenye fimbo tumewapa koti na filimbi. Na gemu haifichi kwamba huruma ina gharama. Ukiua unaongezewa nguvu. Ukimwachia kila mtu unafika mwisho na uhai wako ni ule ule wa kuanzia, pointi 20, haujaongezeka hata moja. Anayehurumia anabaki dhaifu. Kumwambia mtoto ambaye mama yake kavunjwa mkono kwamba "samehe tu", na anayemwambia ni mdogo wake aliyevunja, siyo kufundisha maadili. Ni kujitetea. Niliacha kumwambia hivyo. Huruma ni mali yake, atatoa akitaka, na hakuna anayeweza kumbonyezea kitufe.

Lakini kitu kimoja niliwatafsiria wote, na yeye akiwemo. Ile nguvu unayopata ukiua imeandikwa kwa herufi ambazo kwa Kiingereza zinasomeka "upendo". Unacheza gemu nzima unafurahi upendo unapanda. Karibu na mwisho Sans anakueleza herufi zile zinasimamia nini: kiwango cha ukatili. Kinavyopanda, ndivyo unavyokuwa mbali na wengine, na ndivyo kuumiza kunavyokuwa rahisi.

Hapo nilimfikiria kaka. Doggo tunamkuta tayari ana yale macho. Kaka hakuwa nayo. Nakumbuka miezi yake ya kwanza, alikuwa anasema, "Samahani mama, rudi kidogo." Mwaka wa pili akawa anasema "rudi" tu. Mwaka wa tatu fimbo ilikuwa inasema badala yake. Hakuna siku aliyoamua kuwa mkatili. Jua, foleni, kelele na mtu wa juu anayeuliza "kwa nini mstari umevunjika?" vilimfundisha kuona kusogea peke yake.

Halafu nikajifikiria mimi. Jumamosi nasimama mlangoni na daftari. Viti ni 20, na nikishaandika majina 20 nafunga. Nimezoea wale wanaonivuta shati, wanaoita "kaka, kaka, mimi sijaingia", na hao ndio ninaowafukuza au kuwaingiza kulingana na nilivyoamka. Juzi kijana mmoja aliniambia kuna binti amekuwa akikaa chini ya dirisha kwa wiki nyingi, anasikiliza nikitafsiri. Hajawahi kubisha hodi. Mimi sijawahi kumwona hata mara moja.

Hapo ndipo nilipoelewa upande wa pili wa macho ya Doggo. Tunazungumza sana kuhusu anayesogea akakatwa. Na aliyetulia je? Ni kweli panga linampita, lakini mlinzi hajui kama yupo. Katika kambi tunafundishana kutulia ili tuwe salama: usitoke mstarini, usilalamike, ngoja uitwe. Mtu anatii yote, anakaa kimya na tatizo lake, na kwa sababu ametulia hakuna anayemwona. Wenye fimbo wanaona wanaosogea, na sisi wenye madaftari tunaona wanaopiga kelele. Yule mama alipigwa kwa kusogea hatua chache. Binti wa dirishani hakupigwa na mtu, lakini hajawahi kupata kiti.

Kwa hiyo kosa la mlinzi mdogo halianzi kwenye fimbo, linaanza kwenye macho. Na macho hayo hayahitaji koti la sungusungu. Yeyote aliyewekwa kwenye mlango anaweza kuyapata: mwenye orodha, mwenye mhuri, mwenye kipaza sauti. Ndugu zetu wa mashirika, na ninyi mna milango.

Siku ya posho iliyofuata kaka alimbebea yule mama gunia mpaka nyumbani kwake. Mimi sikumtuma. Aliniambia jioni, kwa kifupi sana. Mama alimwacha abebe, akamwonyesha pa kuweka, hakumpa kiti. Kaka akasema, "Sawa tu." Sijui kama deni limelipwa. Nadhani limeanza kulipwa, na anayejua salio ni mama.

Jumamosi yake kijana alianza gemu upya. Alipofika kwa Doggo akatoa vidole kwenye vitufe. Panga la bluu likapita, likarudi, likapita tena. Alikuwa na nafasi ya kumpapasa, na nafasi ya kumpiga. Alikaa akiangalia kioo, kisha akamsogezea laptopu mwenzake, akasema, "Endelea wewe." Sikumuuliza kitu.

Jumamosi ijayo niko mlangoni tena na daftari langu. Nimepanga kabla ya kuandika jina la kwanza nizunguke nyuma ya kituo, nifike pale dirishani.