Mzizi Nao Huhitaji Pumzi



Aliyepata kusafiri kutoka Makambako, pale njia ya Songea iachanapo na barabara kuu iendayo Tunduma, mpaka Njombe, ameyasikia malori yakinguruma mlimani. Mzigo hushuka kwa uzito wake wenyewe. Kupanda, haupandi bila mafuta kuchomwa. Shika jambo hilo, kisha tufuatane kinyunguni.

Wakulima wa Njombe hulima vinyungu mabondeni wakati wa kiangazi, kwani huko unyevu haukauki. Hata hivyo huchimba mifereji na kuinua matuta. Je, kwa nini wayaondoe maji katika shamba walilolifuata kwa ajili ya maji?

Ncha ya mzizi wa mahindi imejengwa kwa chembe hai ndogo mno, na kila moja imezungukwa na utando mwembamba. Maji huingia yenyewe. Lakini naitreti, chakula kitokacho katika mbolea, kwa kawaida huwa nyingi zaidi ndani ya chembe kuliko nje. Kuiingiza ni kupandisha mzigo mlimani. Basi chembe huunguza sukari kwa oksijeni, na kwa nguvu ipatikanayo, pampu zilizomo katika utando husukuma haidrojeni nje. Haidrojeni hiyo irudipo kwa kasi yake, hupita mlango mmoja pamoja na naitreti na kuivuta ndani.

Miili yetu nayo ina pampu zake. Jens Skou wa Denmark, aliyechunguza neva za kaa, aliandika mwaka 1957 juu ya ile itoayo sodiamu tatu na kuingiza potasiamu mbili. Mwaka 1997 alishiriki Tuzo ya Nobel. Wako waulizao: ikiwa elimu imekwisha kuzieleza pampu hizi, Mwenyezi Mungu amebakiwa na kazi gani? Swali geni! Aliyeelezwa mtambo wa lori hasemi ya kuwa halina mtengenezaji.

Sasa mfikirie mkulima ambaye mfereji wake umeziba. Maji yamejaza nafasi za hewa udongoni, mahindi yanageuka manjano, naye anakopa fedha za sare za watoto anunue mfuko mwingine wa mbolea. Mbolea imeuzunguka mzizi, nao una njaa, kwani hauna pumzi ya kuunguzia sukari.

Ndugu yangu, kabla ya kwenda dukani, zibua mfereji. Kisha ng'oa mche mmoja uutazame: mizizi ikiwa ingali myeupe, hewa irudipo itaanza tena kuvuta.