BEI RAHISI YA IDI, NANI AMEILIPA?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba wake. Ninakuusia wewe msomaji, na nafsi yangu kwanza, tumche Mwenyezi Mungu msikitini, na tumche sokoni pia.

Idi ikikaribia, kila mzazi wa Keshero anatafuta nguo ya mtoto na chakula cha siku ile, na kila mmoja anatafuta bei rahisi. Si vibaya. Lakini je, umewahi kujiuliza ile bei ikishuka, inashuka juu ya mgongo wa nani?

Wafanyabiashara wa Goma wanaijua Dubai. Nguo, viatu na simu nyingi zinatoka kule, zinapita baharini hadi Mombasa au Dar es Salaam, kisha zinapanda lori mpaka kwetu. Mimi mwandishi wa karatasi hii nilifika kule katika Ramadhani ya mwaka 2019, nikiwa mgeni, nikaona mambo mawili.

La kwanza lilinifurahisha. Magharibi mzinga unalia kutangaza futari, na nje ya misikiti ya Deira mikeka imetandikwa. Wanaketi pale watu wa Bangladesh, wa Pakistani na wa India, wapagazi na wajenzi wanaotuma feza kwao. Nikaketi nao. Tende, wali na maji, bila malipo, na hakuna aliyeniuliza: wewe unatoka wapi?

La pili ni baada ya Tarawehe. Maduka makubwa ya vioo yanabaki wazi hadi usiku wa manane, na milangoni wamebandika matangazo ya kupunguza bei: asilimia 30, asilimia 50, asilimia 75. Zile siku kumi za mwisho tunazoutafuta ndani yake usiku wa cheo, watu wamejaa humo na mifuko mikononi. Nami nilikuwamo, Mwenyezi Mungu anisamehe. Nilinunua nguo na viatu vya watoto kwa dirhamu 120, zaidi kidogo ya dola 32. Kikaratasi kilisema kwamba bei ya kwanza ilikuwa 240. Nililipa bila kusema neno, nikatoka nikimshukuru mwenye duka kana kwamba amenipa zawadi.

Nikarudi nyumbani. Siku moja jioni nikateremka soko la Kituku kununua sambaza. Mama mmoja alikuwa amebakiza fungu la mwisho, anataka franka 4.000. Nikamwambia 2.500. Akasema: "Papa, kwa hiyo bei sipate hata feza yenye nilirangulia." Nikafanya kama ninaondoka. Giza lilikuwa linaingia, na samaki hawalali. Akaniita, akanipa.

Nikafika nyumbani ninajisifu. Mke wangu akaniuliza swali moja tu: "Papa, na yule wa Dubai, ulimuomba akupunguzie ngapi?" Sikuwa na jibu. Mwenye vioo na taa nilimpa bei aliyoiandika. Mwenye beseni kichwani nilimnyang'anya franka 1.500, ambazo wakati ule hazikufika hata dola moja.

Ndugu yangu, fahamu tofauti. Tajiri anapopunguza bei, anaita wateja, na faida yake bado iko. Maskini anapopunguza bei jioni, anapunguza sahani ya watoto wake. Punguzo la yule ni hesabu ya biashara, punguzo la huyu ni dharura.

Utasema: kwani kubishana bei ni haramu? Hapana. Mtume (s.a.w.) mwenyewe alipatana bei ya ngamia na Jabir bin Abdillah (r.a.) safarini, na ngamia yule alikuwa amechoka. Lakini tazama mwisho wake. Walipofika Madina, Mtume alimlipa Jabir thamani yake, kisha akamrudishia na ngamia wake. Na ni huyu Jabir aliyetupokelea, katika Sahihi ya Bukhari, kwamba Mtume alimuombea rehema mtu aliye mpole anapouza, anaponunua na anapodai haki yake. Angalia vizuri: anaponunua pia. Wengi tunadhani upole ni wajibu wa muuzaji peke yake.

Na Jarir bin Abdillah (r.a.) alikuwa amempa Mtume ahadi ya kusimamisha swala, kutoa zaka na kumtakia mema kila Muislamu. Imepokewa kwamba mtumishi wake alimnunulia farasi kwa dirhamu 300. Jarir alipomuona farasi, akamwambia mwenyewe kwamba mali yake ina thamani kubwa kuliko hiyo. Akapandisha mia, akapandisha mia nyingine, mpaka akamlipa 800. Muuzaji alikuwa ameridhika na 300, lakini Jarir hakuridhika kumpunja, kwa sababu ya ile ahadi.

Na asije mtu akasema: yule mama wa Kituku si Muislamu. Katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwafanyia wema na uadilifu wale wasiotupiga vita kwa ajili ya dini wala kututoa majumbani mwetu. Tunaishi nao kartie moja, tumekimbia nao volkano mwaka 2002 na mwaka 2021. Je, tukifika sokoni ndipo tunawasahau?

Basi tufanye hivi. Ukitaka kuomba punguzo, mtazame kwanza aliye mbele yako. Kama ni mwenye duka, zungumza naye kwa upole. Kama ni mama wa beseni, kijana wa chukudu au mzee wa makala, na bei yake ni ya haki, mlipe. Na ukiweza, muachie chenji. Wewe mwenye butiki, mpunguzie mjane anayetafuta nguo ya yatima kabla hajakuomba. Na Zakatul Fitri, pishi moja kwa kila mtu wa nyumba yako, itoke kabla ya swala ya Idi, ili maskini naye asiamkie sokoni kuuza kwa hasara siku ya furaha.

Mimi yule mama nilirudi kumtafuta, sikumuona tena. Wewe wako bado yupo. Mlipe leo.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, utie baraka katika kidogo chetu, na usitufanye sababu ya mtu kulala na njaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.

(Usiitupe karatasi hii mahali pachafu, ina majina ya Mwenyezi Mungu. Ukimaliza kuisoma, mpe mwenzako.)