Anayesoma Sheria Nyuma ya Kaunta

Jumamosi iliyopita nilikuwa kwenye kikao cha harusi huku Mbagala. Mnavijua vikao hivi: mwenyekiti mwenye mbwembwe, soda za kuhesabiwa, daftari la ahadi, na kila jina linaposomwa mwenyewe ghafla ana ujumbe muhimu wa kusoma kwenye simu. Mhazini wetu ni binti wa dada yangu, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, ambaye anasoma stashahada ya biashara kwa njia ya masafa. Muhula huu ana somo la utangulizi wa sheria ya biashara. Alipomkumbusha mzee mmoja wa upande wa bwana harusi kwamba ahadi yake ya laki tatu haijaingia, mzee akacheka na kuwageukia wenzake. "Huyu si ndiye anayesoma sheria kwenye simu? Sheria mtu anakaa darasani, mwanangu, anafundishwa na mwalimu anayemwona kwa macho. Hiyo yenu ni ya kupitishia muda."

Ukumbi ukacheka. Binti akajibu, "Sawa, baba," akasoma jina linalofuata. Yeye yalimwisha palepale. Mimi yamenikaa kooni wiki nzima.

Yamenikaa kwa sababu mzee yule hayuko peke yake. Maofisini bado wapo wanaokitazama cheti cha masafa kama shati la mtumba: zuri, lakini lazima waulize limetoka wapi. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kilianzishwa kwa Sheria ya Bunge Na. 17 ya mwaka 1992, na sheria ni miongoni mwa masomo yake, lakini watu wanazungumza kana kwamba jambo hili limezuka jana na intaneti. Nelson Mandela alimaliza shahada yake ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akiwa bado mfungwa. Sijasikia mtu akiuliza alikaa dawati la ngapi.

Lakini tuyaache majina makubwa, tuzungumzie hiyo laki tatu.

Sisi tunasema ahadi ni deni. Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haiendi haraka hivyo. Inataka makubaliano ya hiari, baina ya watu wenye uwezo kisheria, kwa jambo halali, na kila upande uwe na kitu unachokitoa. Aliyeahidi bure bure, kwa kawaida, huwezi kumfikisha popote. Mzee angelijua hilo angecheka zaidi.

Asiwahi kushangilia, hata hivyo. Sheria yetu hiyo imetokana na Sheria ya Mikataba ya India ya mwaka 1872, kwa hiyo kesi za huko haziko mbali nasi. Iko moja ya Howrah, ng'ambo ya mto kutoka Calcutta. Watu walichangishwa kujenga ukumbi wa mji, bwana mmoja akaandika jina lake kwa rupia 100. Waliosimamia ujenzi, kwa kutegemea ahadi zilizoandikwa, wakaingia mkataba na mkandarasi. Fedha zilipotakiwa, bwana akagoma: nilitaka tu kusaidia, mnanidai nini? Mwaka 1886 Mahakama Kuu ya Calcutta ikaamua alipe. Alijua fedha ni za kazi gani, na alijua wenzake wataingia gharama kwa kumtegemea yeye.

Sasa weka mpishi na mpiga picha waliokwisha kupewa advansi mahali pa yule mkandarasi. Je, mhazini wetu angeshinda? Sijui, na binti mwenyewe hakunihakikishia. Tulipokuwa tukirudisha viti usiku ule alinieleza hoja za pande zote mbili, ya mzee kwanza, tena kwa haki kuliko mzee alivyomtendea yeye. Kisha akasema swali la namna hiyo ndilo analotamani kulikuta kwenye mtihani.

Kwake dukani ndipo nilipoelewa zaidi. Simu imeegemezwa kwenye ndoo ya rangi, moduli iliyochapishwa imelazwa chini ya mizani ya misumari isipeperushwe na feni. Anasoma aya moja, anapima kilo mbili za misumari, anarudi kwenye aya. Siku moja aya hiyo ilimhusu Bi Olley, mgeni wa hoteli moja ya London. Alijiandikisha na kulipa mapokezi, akapanda chumbani, na huko ukutani kulikuwa na tangazo kwamba hoteli haihusiki na mali itakayopotea. Makoti yake ya manyoya yakaibwa. Mwaka 1949 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ikasema tangazo lile lilichelewa, mkataba ulikwisha kufungwa kule mapokezi.

Binti akachukua kitabu chake cha risiti. Chini ya kila ukurasa, kwa wino mwekundu: "Mali ikishauzwa hairudishwi." Alichapishiwa hivyo kwa sababu maduka yote ya mtaa yana maneno hayo. Mteja wake huyaona lini? Akishalipa. Na ipo Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 214, inayotazamia bidhaa iwe na ubora wa kuuzika. Mteja aliporudisha koki inayovuja, akabadilishiwa bila mabishano. Masharti ya kurudisha mali sasa yamebandikwa ukutani, usawa wa macho, kabla hujafika kwenye droo ya pesa. Nionesheni mhadhara uliobadilisha ukuta wa duka kwa kasi hiyo.

Nitaambiwa: anayesoma peke yake hana wa kumuuliza, na wapo wanaonunua majibu ya kazi za chuo. Kweli. Wanunuzi wa majibu tunao hata mabwenini, tusidanganyane. Upweke ni shida ya kweli zaidi. Wenzake wa binti hutumiana sauti za WhatsApp usiku wa manane, mmoja Tunduma, mwingine Kahama, wakibishana juu ya kifungu kimoja. Na moduli ni Kiingereza kitupu, wakati tangu mwaka 2021 sheria ya nchi imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Hilo ndilo ningelalamikia kama ningekuwa mzee yule.

Kwamba hatakuwa wakili kwa somo moja? Hajaomba kuwa wakili. Anataka kujua anasaini nini, na wakati gani amtafute wakili kabla hajasaini. Kwa shabaha hiyo, mtu aliye kazini, anayeuza na kukopeshana kila siku, ndiye mwanafunzi anayelistahili somo hili kuliko wote, na masafa ndiyo njia pekee atakayoipata bila kufunga duka.

Walimu wa vyuo, basi, mtendeeni haki. Punguzeni hayo maswali ya "taja sifa tano za mkataba". Mwambieni alete risiti ya biashara yake na makubaliano ya pango la fremu yake, aeleze kwa Kiswahili nani anamdai nani, na kwa kifungu gani.