Kuficha na Kusitiri: Somo la Reli Ndogo

Ndugu msomaji, wewe unayelala kambini na wewe unayekuja asubuhi na gari ukaondoka jioni, leo nawaomba tuzungumze juu ya reli ya mezani. Msicheke kwanza. Ndani yake kuna swali ambalo sisi sote linatuhusu: ni lini kumweka mtu pasipoonekana ni wema, na ni lini ni dhambi?

Hapa Dabani treni haipiti. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 ilifika Kisumu mwaka 1901. Baadaye njia nyingine ilipitia Eldoret, ikavuka mpaka Malaba, ikaingia Tororo, na kufikia 1931 treni ilikuwa inaingia Kampala. Busia ikaachwa kando. Watu wa mpakani wakavushana kwa baiskeli, kutoka boda hadi boda, na jina la boda boda likazaliwa huku kwetu. Basi treni tunaifuata Tororo au Malaba, na vijana wakaipenda. Kila Jumamosi mimi na vijana wanne tunaijenga upya juu ya ubao mmoja wa plaiwudi, futi 8 kwa 4. Reli ni waya, mabehewa ni makopo ya mafuta ya kupikia, injini inasukumwa kwa mkono. Kila kitu tumekipunguza mara 87, kipimo wanachotumia wajenzi wengi wa reli ndogo duniani.

Shida ya ubao ni moja: Malaba inatosha, Tororo inatosha, lakini Mombasa na Kampala hazitoshi. Treni ikitoka Malaba iende wapi? Ukiifanya izunguke tu, inakuwa kama mbuzi wa kamba, ile ile inapita mbele yako mpaka uchoke. Kwa hiyo wajenzi huweka njia za maegesho mahali pasipoonekana. Treni inaingia huko, inatulia, na nyingine inatoka. Anayetazama anaamini kwamba ile ya kwanza imefika pwani. Wengine huzificha chini ya meza. Sisi tumeziweka nyuma ya Jabali la Tororo, tulilolifinyanga kwa karatasi na uji wa muhogo. Kuziweka chini kungetaka mteremko, na mteremko mzuri ni sentimita 2 kwa kila mita moja. Kushuka sentimita 10 tu kunataka mita 5 za njia, na sisi ubao wetu hauna hata mita 2 na nusu.

Siku tunasimamisha jabali, kijana mmoja akaniuliza, "Mwalimu, sasa huu si uongo? Tunawaonyesha watu treni mbili, kumbe nyuma kuna nne zimekwama."

Swali zuri. Sikumjibu haraka.

Kiswahili kina maneno mawili hapa. Kuna kuficha na kuna kusitiri. Anayeficha anajilinda yeye mwenyewe: hataki deni lake lijulikane, hataki uchafu wake uonekane. Anayesitiri anamlinda mwingine: anamfunika mgonjwa shuka, anamlaza mkimbizi chumba cha ndani. Kwa macho ni kitendo kimoja, kitu kimeondolewa mbele za watu. Tofauti utaijua ukizunguka nyuma ya jabali ukaangalia mambo yalivyopangwa.

La kwanza, urefu. Njia ya maegesho hupimwa kwa treni ndefu kuliko zote. Ukipimia ya wastani, ndefu itabakiza mkia kwenye swichi, pale njia zinapogawanyika, na hapo hakuna itakayoingia wala kutoka. Treni yetu ndefu ni mabehewa 10 ya sentimita 14 na injini ya 20, jumla sentimita 160. Tukaongeza kidogo. Jamani, ni mara ngapi hema limepimwa kwa familia ya wastani, na mama mwenye watoto tisa akaambiwa ajibane?

La pili, mkono. Mahali pa siri ndipo treni hupenda kuanguka. Kwa hiyo jabali letu halikugundishwa kwenye ubao, linanyanyuliwa, na kati ya njia na njia kidole kinapita. Ukificha kitu mahali ambapo mkono wako haufiki, umekitupa, hata kama unakiita maegesho.

La tatu, hesabu. Ukutani kuna karatasi inayosema ni treni gani iko njia ya ngapi na itatoka zamu ya ngapi. Bila karatasi hiyo huna njia za maegesho, una shimo.

La nne, njia moja iwe tupu daima. Hili vijana walilipinga, wakaona ni nafasi ya bure inayopotea. Lakini zote zikijaa, treni inayokuja haina pa kuingia na shughuli nzima inasimama. Nafasi tupu ndiyo heshima ya yule ambaye hajafika bado.

Basi nikamwambia kijana: treni zetu tumezisitiri. Kazi yote ya mbele inazitegemea zile za nyuma, tunazijua moja moja, na kila moja ina zamu yake ya kutoka.

Lakini mfano huu una mahali unapovunjika, na hapo ndipo nilipotaka kufika.

Januari 2008, katika fujo za baada ya uchaguzi wa Kenya, reli iling'olewa pale Kibera, Nairobi. Uganda mafuta yakaadimika, maana mzigo ulikuwa umekwama njiani. Siku hizo hizo maelfu ya watu tulivuka Malaba na Busia. Wengi walipelekwa Mulanda, wilaya ya Tororo, mahali palipoitwa kituo cha mpito, na baadaye mwaka huo wakahamishiwa Kiryandongo. Mimi nilikuwa na mjomba Dabani, kwani Wasamia tuko pande zote mbili za mpaka, nikabaki huku.

Angalia: reli ilitengenezwa na mabehewa yakaendelea na safari. Behewa halikuzeeka kwa kusubiri, labda kutu kidogo. Mtu hasubiri hivyo. Akisubiri mvulana anaota ndevu, msichana anapitwa na shule, nyanya anazikwa ugenini. Behewa hata ukiliandikia zamu na usiliambie, halijali. Mtu usipomwambia, umemwibia hata ile nafasi ya kujipangia kesho yake.

Kwa hiyo kwa binadamu zile kanuni nne hazitoshi. Inahitajika ya tano ambayo reli ndogo haina: anayesubiri aisome karatasi ya ukutani yeye mwenyewe, na awe na kalamu ya kuiandikia. Yale manne yanaweza kumfanya mtu awe mzigo uliotunzwa vizuri. La tano ndilo linalomrudishia utu.

Wewe mfanyakazi wa misaada, najua mara nyingi ratiba haiko mikononi mwako. Si kosa kusema "bado hatujui." Sema hivyo, mbele ya watu, na utaje siku utakayorudi kuwaeleza. Nasi tunaosubiri tuache kunyamaza kana kwamba kusitiriwa ni fadhila isiyoulizwa maswali. Uliza jina lako limeandikwa wapi. Uliza zamu yako ni ya ngapi, na nani anaweza kuibadilisha. Na ukipata chumba chako siku moja, popote pale, bakiza mkeka mmoja mtupu karibu na mlango.