Kausha Bafu Lako Leo

Ukungu umerudi bafuni kwako. Palepale. Kwenye kona ileile uliyoisugua kabla ya masika mpaka kiwiko kikakuuma.

Utasugua mpaka lini?

Nguvu unayo! Kiwiko kilichosugua ukuta mzima si kiwiko cha mvivu. Umekuwa ukiipeleka nguvu yako pasipo pake, basi.

Usiniambie Dar ni joto. Usiniambie Mombasa, Tanga na Unguja hewa imejaa maji. Ni kweli, na itabaki kweli. Masika yatakuja Machi, vuli itakuja Oktoba, na hakuna atakayekuomba ruhusa. Lakini maji uliyoyaacha ukutani ulipotoka kuoga asubuhi, hayo nayo yaliletwa na mvua?

Hayo ni yako!

Sikiliza. Mbegu za ukungu zimo hewani kila mahali. Huwezi kuzimaliza hata ukinunua jiki ya duka zima. Zinachosubiri ni maji. Marumaru hazizilishi. Zinalishwa na utando wa sabuni na mafuta ya mwili unaoganda juu yake. Zipe unyevu wa siku moja au mbili mfululizo, zinaota. Na wewe unaoga asubuhi, unaoga jioni, unafunga mlango. Ukuta huo ukauke saa ngapi?

Ukaushe wewe!

Nunua fagio dogo la mpira, lile la kusafishia vioo. Ukimaliza kuoga, vuta maji kutoka juu kwenda chini, kuta kwanza, kisha sakafu, uyasukumie kwenye tundu la maji machafu. Dakika mbili. Huna dakika mbili? Unazo! Na kwa hewa ya pwani, hapa ndipo ushindi ulipo: siku ambayo nje nako kumelowa, dirisha peke yake halikaushi kitu, ila maji yaliyokwisha kuteremka bombani hayarudi ukutani. Mlango uache wazi. Pazia likunjue, maana weusi hujificha kwenye mikunjo. Taulo bichi litoke nje. Kama una feni ya kutolea hewa, iache iendelee baada ya wewe kutoka, na hakikisha inaitoa nje ya nyumba, si juu ya dari.

"Mimi nimepanga tu."

Mapafu nayo umepanga?

Mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo unaohusisha unyevu na ukungu wa ndani ya nyumba na kikohozi na pumu. Mtoto anayekohoa usiku hajui hati ya nyumba iko kwa nani.

Jiki itumie kuondoa weusi uliopo, dirisha likiwa wazi. Usiichanganye kamwe na siki wala dawa ya choo yenye asidi: hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huunguza mapafu. Na rangi mpya juu ya ukungu? Acha! Umefunika, hujashinda.

Ipo kazi moja ambayo fagio la mpira haliiwezi. Weka kiganja ukutani siku ambayo hakuna aliyeoga. Bado umelowa? Huenda bomba linavuja humo ndani. Usingoje mwisho wa mwezi. Mpigie fundi bomba leo.