Furaha ya Wengi ni Milki ya Nani?

Tarehe 23 Desemba mwaka 1972, katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, lilitukia jambo ambalo wapenzi wa mpira wa Kimarekani hulisimulia hata leo kwa sauti ya watu wanaosimulia muujiza. Zikiwa zimesalia sekunde 22 mchezo uishe, na timu ya mji, Steelers, ikiwa nyuma ya Raiders wa Oakland kwa pointi 7 kwa 6, mpira uliotupwa na Terry Bradshaw ulidunda kutoka katika mgongano wa wachezaji, ukarudi nyuma kama kitu kilichokataliwa, na Franco Harris akaudaka karibu na majani, akatimka nao hadi ncha ya uwanja, na timu ikapata ushindi wake wa kwanza kabisa katika michuano ya mtoano. Watu elfu 50 na ushei waliokuwa uwanjani waliliona jambo hilo kwa macho yao. Wenyeji wengine wa Pittsburgh, waliokaa majumbani mwao wakiwa na televisheni nzima na antena nzima, hawakuliona, kwa kuwa desturi ya ligi ya mchezo huo zama zile ilikataza mchezo wa nyumbani kuonyeshwa katika mji wenyewe, ili watu wasiache kununua tiketi. Mtu wa mbali, asiye na nasaba wala ujirani na timu ile, aliona. Na mtu ambaye dirisha lake lilitazama uwanja alisikiliza redio.

Nimeitanguliza habari hii ili isidhaniwe kuwa ghadhabu ya mashabiki wa Marekani juu ya huduma za kutazama mpira kwa intaneti ni ghadhabu ya watu waliodekezwa na zama mpya. Swali linalowasumbua ni la kale, nalo lingestahili kuulizwa hata kama intaneti isingalizuliwa: furaha iliyofanywa na watu wengi kwa pamoja, ni milki ya nani, na aliyeishika ana haki ya kuifungia mlango kwa kadiri gani?

Sheria ya nchi ile iliwahi kulijibu swali hili kwa namna yake. Mwaka 1961 Bunge la Marekani lilipitisha, na Rais Kennedy akatia sahihi, sheria iliyoziruhusu timu za ligi moja kukusanya haki zao za matangazo na kuziuza pamoja kama bidhaa moja, jambo ambalo kwa mfanyabiashara mwingine yeyote lingehesabiwa kuwa ni njama ya kuua ushindani. Ruhusa hiyo haikuwa zawadi tupu. Ilihusu matangazo yaliyolipiwa na wadhamini, yaani yale ambayo mtu huyapata kwa antena yake bila ya kumlipa yeyote. Na mwaka 1999 mahakama moja ya rufaa ilitamka kwamba ruhusa hiyo haiyafikii matangazo ya setilaiti yanayouzwa kwa mtazamaji. Mimi naisoma sheria ile kama amana: ligi ilipewa nguvu ambayo wengine wamenyimwa, na umma, uliokubali kuitoa nguvu hiyo, ukabaki na mlango wazi.

Mlango huo haukufungwa kwa kishindo, ulirudishwa polepole. Mwaka 1994 kilianza kifurushi cha setilaiti cha kulipia, chenye mechi za Jumapili, ambacho mwaka 2023 kilihamia YouTube. Mechi za Alhamisi zilikwenda kwa Amazon mwaka 2022. Tarehe 13 Januari 2024 mechi ya mtoano baina ya Kansas City na Miami, iliyochezwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, ilionyeshwa nchi nzima na huduma moja tu ya kulipia, Peacock, isipokuwa katika miji ya timu mbili zile. Na Krismasi ya mwaka huo huo Netflix nayo ikapata fungu lake. Kwa hiyo shabiki ambaye baba yake alihitaji waya mmoja juu ya paa sasa anahitaji daftari la nywila, na kila msimu unapoingia hana budi kuuliza upya ni kwa nani atakwenda kupiga hodi.

Hata hivyo fedha si kiini cha jambo. Nataka msomaji amtazame mtu mmoja hasa, ambaye kwake jambo hili lina uzito kuliko kwa wote. Viwanda vya chuma vya Pittsburgh vilipofungwa, katika miaka ya mwisho ya 1970 na ile ya 1980, maelfu ya wafanyakazi walifunga mizigo yao, wakaenda kutafuta riziki kusini na magharibi ya nchi. Hawakuweza kuuchukua mto, wala kanisa, wala kilima cha nyumbani. Walichoweza kuchukua, na ambacho hakikuhitaji sanduku, ni mapenzi ya timu yao, na kwa sababu hiyo hata leo Steelers huwa na umati wa mashabiki katika miji isiyo yao. Sisi watu wa pwani, ambao ndugu zetu wametawanyika kutoka Maskati hadi Toronto, hatuhitaji kufunzwa maana ya kitu kidogo kinachomrudisha mtu kwao. Basi kifurushi cha Jumapili kiliuzwa kwa nani, ikiwa siye huyu? Aliyebaki mjini hakukihitaji, kwa maana kufikia zama hizo timu yake ilionyeshwa bure pale alipo. Aliyehama ndiye aliyeambiwa kwamba ili aione timu moja aipendayo, anunue mechi za timu zote asizozipenda. Ukiwa wa ugenini ndio uliofanywa soko.

Mashabiki walishitaki kwa sababu ya kifurushi hicho. Juni 2024 baraza la wazee wa mahakama mjini Los Angeles liliamua kwamba ligi imevunja sheria ya ushindani, likakadiria fidia ya zaidi ya dola bilioni 4.7, na tarehe 1 Agosti hakimu akaifuta hukumu hiyo, akisema kuwa ushahidi wa wataalamu haukustahili kupokewa wala hesabu ya fidia haikuwa na msingi. Wadai wakakata rufaa.

Nayaacha ya mahakama niende kwenye fikira, maana wanavyuoni wa fikihi walilikabili jambo hili karne nyingi kabla ya televisheni, walipojadili kuhodhi. Kwamba kuhodhi ni haramu halikuwa na ikhtilafu kubwa. Ikhtilafu ilikuwa juu ya kitu gani kikihodhiwa ndipo dhambi inapoingia. Madhehebu ya Shafii, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, yaliliwekea jambo hili mpaka katika chakula, kwa kuwa njaa ndiyo dhara lisilo na shaka. Kadhi Abu Yusuf, mwanafunzi wa Abu Hanifa, alikwenda mbali zaidi: kila ambacho kuzuiwa kwake kunawadhuru watu, kukihodhi ni kuhodhi, kijapokuwa ni dhahabu au nguo. Mtu wa ligi atasimama na Shafii, na hoja yake si dhaifu: hakuna aliyekufa kwa kukosa mechi, wachezaji hulipwa, viwanja hujengwa, na nyingi katika mechi zingali zinapatikana kwa antena. Mwenye mali auze apendavyo, na asiyetaka asinunue.

Naikubali hoja hii kwa mwenye samaki na mwenye kitambaa, kwa sababu samaki ni samaki hata asipokuwako mnunuzi. Mechi haiko hivyo. Utoe uwanjani umati, utoe mjini watoto waliovishwa jezi tangu hawajajua kusema, uondoe miaka hamsini ya mababu kuwasimulia wajukuu habari ya Franco Harris, kisha upime kilichobaki: watu 22 wanasukumana katika majani. Thamani inayouzwa kwa mabilioni imetiwa humo na yule yule anayeuziwa. Na huko Buffalo, jimbo la New York na wilaya yake wameahidi dola milioni 850 za umma kwa uwanja mpya wa timu ya mji. Sisemi kwamba shabiki ana haki ya kupata vyote bure. Nasema kuwa yeye ni mshirika katika kazi, na mshirika hatendewi kama mpita njia. Kwa hili mimi niko upande wa Abu Yusuf.

Liko pia dhara jingine ambalo halihesabiki kwa dola. Picha ya antena hufika kwa sekunde chache; ile ya intaneti hukatwa vipande, ikapitishwa mitambo mingi, ikawekwa akibani kidogo kabla ya kuonyeshwa, hata ikachelewa nusu dakika na pengine zaidi. Mwana aliyebaki Pittsburgh humpigia simu baba yake aliye Arizona, akapaza sauti ya furaha, na baba bado anautazama mpira ukiwa mkononi mwa mrushaji. Habari njema inamfikia ikiwa imekwisha kumnyang'anya kile alichokingoja. Silinganishi mchezo na ibada, lakini kila aliyesimama katika safu ya swala anajua kwamba jamaa haiwi jamaa kwa kutenda jambo moja tu, bali kwa kulitenda wakati mmoja. Watu wale walikuwa jamaa kila Jumapili, na wakati wao mmoja umegawanywa vipande.

Sheria ya 1961 ingali katika vitabu, na ligi ingali ikiuza haki zake kwa pamoja. Bunge lililoitoa amana ile ndilo lenye haki ya kuuliza imetunzwaje, na si lazima lingoje uamuzi wa mahakama. Naliulize, na wa kwanza kuitwa kutoa ushahidi awe mzee wa kiwanda cha chuma aliyehama Pittsburgh.